Chura wa mpwa wangu ni mahututi, nami kila jioni namwambia kala

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, sijaoa, naishi na dada yangu mkubwa na mwanawe wa miaka 12. Najua barua zinazokufikia ni za ndoa na fitina za ukoo, kwa hiyo huenda ukacheka ukifika sentensi inayofuata. Tatizo langu ni chura.

Mpwa wangu anafuga vyura wawili, wale wa nchi kavu wenye ngozi ya vipele na mwendo wa kivivu. Aliwapata mwaka jana, miezi miwili baada ya wazazi wake kuachana, yeye na mama yake wakahamia kwangu. Mmoja anaitwa Kamanda, mwingine Zubaa. Wanakaa kwenye tangi la kioo chumbani kwake. Mtoto huyuhuyu, ambaye shuleni wanasema ni mzembe, ana daftari la vyura: nani kala nyenje wangapi, nani kajivua ngozi lini, nani kalala wapi. Likizo hii amekwenda kwa baba yake wiki tatu. Kabla ya kuondoka alinikalisha kitandani kwake kama mwalimu na mwanafunzi, akanieleza kila kitu. Mimi nilikuwa naitikia huku nasoma simu. Hilo nalikiri mapema.

Siku ya tisa, Jumamosi, tangi lilianza kunuka. Nikawatoa vyura nikawaweka kwenye beseni, nikasugua vioo na bakuli lao la maji kwa dawa ya madoa, ile yenye klorini, nikasuuza mara moja, labda mbili, nikajaza maji ya bomba. Nilijiona nimefanya kazi ya maana. Jumapili asubuhi nikamkuta Kamanda ndani ya bakuli, na hakutoka kutwa nzima. Kawaida yake hushinda amejifukia kwenye udongo, macho tu ndiyo yako nje. Jioni nikamtupia nyenje. Akamtazama, akainamisha kichwa, basi. Jumatatu nilipomwinua nikaona tumbo na ndani ya mapaja pana wekundu, kama mtu aliyesuguliwa kwa brashi. Vipande vya ngozi vilikuwa vinaning'inia pembeni mwa mdomo. Nilipomweka chini akaangukia mgongo, akabaki hivyohivyo, tumbo juu, miguu ikichezacheza hewani polepole. Nikaanza kuhesabu. Nilifika arobaini ndipo nikamgeuza mwenyewe. Zubaa, wanayekaa tangi moja, anakula kama kwamba hakuna kilichotokea.

Mtoto hupiga simu kila siku saa moja jioni. "Mjomba, Kamanda kala?" Jumapili nikasema kala. Jumatatu nikasema kala wawili. Jana akaniuliza kama bado anakosa shabaha. Shabaha gani? Akasema tangu kabla hajasafiri, Kamanda akirusha ulimi anamkosa nyenje mara tatu, mara nne, ndipo anampata. Nikamjibu siku hizi anapata mara moja. Uongo ule ulinitoka haraka hadi nikajiogopa.

Dada yangu anasema ni chura tu, mitaroni wamejaa, nimtafute anayefanana naye na mtoto hatajua. Nami, mama, nilimsikiliza. Jana usiku nilichukua tochi nikaenda mtaroni, mtu mzima nimekunja suruali, namulika vyura mmoja baada ya mwingine nikitafuta mwenye mstari mwembamba mgongoni kama wa Kamanda. Nilimpata. Yuko bafuni kwenye ndoo, nimemfunika kwa ubao. Usiku kucha aliita wenzake.

Ushauri mwingine ninao wa kumwaga. Rafiki yangu anayefuga kuku anasema nifungue kapsuli ya antibayotiki nimnyunyizie ule unga. Mwingine anasema maji ya chumvi. Wa tatu anasema nimtie kwenye friza, atalala moja kwa moja bila maumivu. Kapsuli ninayo mfukoni, sijaifungua.

Mtoto anarudi baada ya siku nane. Nimwambie kwamba nimemuua Kamanda wake kwa dawa ya madoa? Ninyamaze mpaka afike? Au nimpe huyu wa kwenye ndoo? Nihurumie, hata kama ni chura.

Mjomba wa likizo

* * *

Marahaba mwanangu.

Kucheka nilicheka, ila ni pale kwenye ndoo tu. Palipobaki nilisoma taratibu, kisha nikamsumbua daktari wa wanyama ninayemfahamu, maana mimi najua mambo ya watu, ya vyura nayajua kwa kuuliza. Na kwa kuwa mgonjwa wako hawezi kungoja siku ya kuchapishwa, jibu hili nimekutumia jioni hiihii uliyoandika. Wengine watalisoma baadaye.

Nikikusikia vizuri, umebeba mizigo miwili ukaifunga kwa kamba moja. Kuna mnyama anayeumwa ghafla, na kuna mtoto anayedanganywa kila saa moja jioni. Na kamba uliyofungia ni hukumu uliyojipa mwenyewe: "nimemuua kwa dawa ya madoa." Tutafika kwenye kamba. Kwanza mnyama.

Mtoe Kamanda kwenye tangi sasa hivi, umweke peke yake kwenye chombo cha plastiki kisicho na udongo wala kokoto, chenye matundu ya hewa. Tandika karatasi laini nyeupe za jikoni, zisizo na manukato, zilizoloweshwa. Chombo kiinamishe kidogo ili upande mmoja kuwe na maji ya kina cha vidole viwili vilivyolazwa, si zaidi, kwa sababu chura asiyeweza kujigeuza anaweza kuzama kwenye maji ambayo juzi alikuwa anayaogea. Mweke mahali pa kivuli na kimya, joto la nyuzi 20 hadi 24 hivi. Usimlishe kwa nguvu. Maji na karatasi badilisha kila siku, na usimshike ovyo. Ukilazimika, vaa glavu zisizo na poda, uziloweshe kwanza.

Kuhusu maji yenyewe, hapa lazima nikueleze jambo ambalo mtoto alikueleza wakati wewe unasoma simu. Chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi ya tumbo na ya kati ya mapaja. Hukaa kwenye maji kama mtu aliyekaa kwenye beseni, na maji yanaingia. Kinachokuwamo ndani ya maji kinaingia nayo. Klorini ya bomba hutoka ukiyaacha maji wazi kwenye chombo kipana siku nzima, lakini sehemu nyingine maji hutiwa kloramini, na hiyo haitoki kwa kungoja. Inahitaji matone ya kuondolea klorini wanayotumia wafuga samaki. Kama hujui yenu yametiwa nini, tumia matone. Maji ya chupa ya chemchemi yanafaa kwa leo usiku. Yale yaliyochujwa hadi hayana madini kabisa yaache, kwa sababu yanamnyang'anya mgonjwa chumvi za mwili.

Sasa naomba tuitazame ile hukumu.

Dawa ya madoa ni mshukiwa, sikatai. Mabaki ya klorini kwenye bakuli yanaweza kuchoma ngozi ile laini ikawa nyekundu, na siku zinalingana: Jumamosi umesafisha, Jumapili kaugua. Lakini wafugaji wazoefu nao husafishia dawa hiyohiyo; husuuza mara nyingi na kuacha vyombo vikauke hadi harufu iishe. Na Zubaa alirudi kwenye tangi lilelile. Hilo peke yake halikuondolei lawama, kwa kuwa pengine Kamanda ndiye aliyeingia bakulini na mwenzake akakaa kwenye udongo. Linanifanya nisite tu.

Tena, kwa nini tangi lilinuka? Barua yako haisemi kabla ya Jumamosi ulibadilisha maji mara ngapi. Sikuulizi ili nikutie hatiani, namuulizia daktari. Mkojo, kinyesi na nyenje waliokufa huzalisha amonia, na amonia hupita kwenye ngozi ileile. Maji machafu pia ni makao ya bakteria kama Aeromonas, wanaosubiri mnyama adhoofike ndipo waingie kwenye damu. Wekundu wa tumbo na mapaja ndio wafugaji wanaouita ugonjwa wa mguu mwekundu, jina linalotaja rangi tu bila kusema mwenye kosa. Rangi hiyohiyo huletwa na bakteria, na kemikali, na kuvu.

Kuvu nayo ina kisa kirefu. Mwaka 1999 wanasayansi waliipa jina Batrachochytrium dendrobatidis kuvu moja inayokaa kwenye ngozi ya vyura. Imehusishwa na kupungua kwa aina zaidi ya 500 za vyura na jamaa zao duniani, na nyingine zimetoweka kabisa. Inavuruga kazi ya ngozi ya kupitisha chumvi kama sodiamu na potasiamu, mwishowe moyo unasimama. Dalili zake ni uvivu, kukaa majini isivyo kawaida, ngozi kubambuka vipande vipande, kushindwa kujigeuza. Zisome tena, halafu isome barua yako. Wala usikimbilie kuamini kwamba ndiyo hii. Vipande pembeni mwa mdomo vinaweza kuwa ngozi ya kawaida, kwa kuwa chura akijivua huila ngozi yake, na aliyechoka hushindwa kuimaliza. Kuijua kuvu kunahitaji daktari apitishe pamba kwenye ngozi na kuipeleka maabara. Kwa mnyama wa kufugwa ina dawa, ikiwahiwa.

Halafu kuna shabaha.

Daktari nilipomsomea barua yako kwenye simu, wekundu hakuushangaa, dawa ya madoa hakuishangaa. Nilipofika kwenye ulimi akaniambia nirudie. Chura anayekosa windo tena na tena kwa wiki kadhaa anaweza kuwa amepungukiwa vitamini A. Ulimi unakuwa kama umefupika, haunati. Waliona hivyo kwa chura wa Wyoming, Marekani, aina iliyobaki kuokolewa kwa kuzalishwa mikononi mwa watu. Nyenje peke yao hawana vitamini hiyo ya kutosha, wasipolishwa vizuri wenyewe au kupakwa unga wa virutubisho. Na vitamini A ndiyo inayotunza ngozi na utando wa ndani. Ikipungua, mlango unabaki wazi kwa kila mdudu anayepita. Yaani huenda Kamanda alikuwa mgonjwa tangu mwenyewe akiwa nyumbani. Huenda usafi wako ulimkuta tayari yuko ukingoni. Huenda pia sivyo.

Unaona ninapokupeleka? Mtu wa kwanza kuona ugonjwa huu ana miaka 12. Ameuona, ameukumbuka, na akiwa kwa baba yake ameuuliza kwa simu, nawe ukamjibu "anapata". Uongo ule haukumfunga mtoto macho peke yake. Ulimfunga mdomo shahidi wa pekee aliyemfahamu mgonjwa. Kokoto zilibadilishwa lini? Vyura humeza kokoto pamoja na windo, zikawaziba tumbo. Kinyesi cha mwisho kilikuwaje? Kuna mnyama, mmea au udongo mpya ulioingia tangini? Kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani? Wewe hujui hata moja. Yeye anayajua yote, na sehemu yake kubwa ameiandika.

Daftari liko wapi, mwanangu? Amekwenda nalo, au liko kando ya tangi umelipita siku kumi na tatu? Kama lipo, lipeleke kwa daktari pamoja na picha ya tumbo, video ya dakika moja ya namna anavyokaa, kinyesi kwenye mfuko na maji kidogo ya bakuli. Mpime uzito kwa mizani ndogo ya jikoni, kwenye kibakuli kilichofunikwa. Piga simu kwanza kuuliza kama wanatibu vyura, kwani madaktari wengi wa wanyama wamezoea ng'ombe na mbwa. Asiyetibu mwenyewe anaweza kumpigia mwenzake anayejua. Usingoje hadi kesho kutwa. Chura huficha ugonjwa hadi mwisho, na akishaonyesha anakuwa amekwenda mbali.

Ile kapsuli itoe mfukoni uirudishe kabatini. Imepimwa kwa mtu wa kilo sabini. Kamanda uzito wake ni wa gramu, na unga utakaomnyunyizia utapita kwenye ngozi uingie mwilini bila breki. Maji ya chumvi madaktari wanayo ya kwao, yaliyopimwa kwa usahihi. Chumvi ya kukadiria kwa kijiko inaweza kummaliza. Kuhusu friza, rafiki yako hakukusudia ubaya, lakini miongozo ya madaktari wa wanyama haikubali kumgandisha chura aliye hai, kwa kuwa barafu hujengeka ndani ya mwili wake na huenda anaisikia. Ikifika hapo, daktari anayo dawa ya usingizi ya kumwogeshea, inayoingia kwa ngozi ileile. Akifa kabla hujafika, mfunge kwenye mfuko umweke kwenye friji, si kwenye friza, na umpeleke upesi; huenda akawa ndiye wa kumwokoa Zubaa.

Zubaa naye anahitaji maji safi leo na jicho lako kila siku. Mhudumie yeye kwanza, Kamanda baadaye, na kati yao nawa mikono kwa sabuni, usuuze hadi iishe yote. Ukimaliza nawa tena, kwa ajili yako: vyura hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na zile tezi mbili nyuma ya macho yao zina sumu usiyotaka ikufike jichoni. Vyombo vyao visioshwe pamoja na sahani. Maji ya Kamanda usiyamwage mtaroni. Yatie ile dawa yako ya madoa, yaache muda, kisha yamwage chooni. Hapo imepata kazi yake halali.

Tuje kwa mtoto.

Dada yako usimwone katili. Mwanamke aliyetumia mwaka mzima kumkinga mtoto na maumivu ya ndoa yake akisikia kuna kifo kingine njiani, hata cha chura, atataka kukifunika. Nawe umefanya hivyohivyo kwa tochi. Lakini nifikirie nawe juu ya mtoto huyu. Miezi miwili baada ya nyumba yake kuvunjika alitafuta viumbe wawili wasiozungumza, akaanza kuandika kila wanachofanya. Mimi sina shahada ya kusoma mioyo, na pengine anapenda vyura tu, wapo watoto wa hivyo. Ila huwa najiuliza ni mara ngapi mwaka ule, kabla wazazi hawajatengana, aliuliza kama kila kitu kiko sawa, na mtu mzima akamjibu kiko sawa.

Mtoto anayeandika nani kalala wapi unadhani hatamjua mgeni? Mstari wa mgongoni utafanana. Vipele havitafanana, wala namna ya kukaa. Na asipogundua, wewe utakuwa unajua, kila jioni akikuonyesha "Kamanda" anavyorusha ulimi vizuri siku hizi.

Njia nyingine ulizo nazo nimezipima, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumwambia leo hii, simu ikilia. Faida yake nimeshaieleza: unapata shahidi. Mwiba ni kwamba yuko mbali, usiku unaingia, na hawezi kumshika mnyama wake. Atalala na picha mbaya kuliko ukweli. Ndiyo maana labda baba yake ajulishwe kwanza awe chumbani wakati unazungumza. Najua kumpigia shemeji wa zamani si kazi nyepesi, na dada yako anaweza kuona umempita, kwa hiyo mwambie yeye kabla ya wote. Au unaweza kungoja hadi umwone daktari, uwe na la kusema zaidi ya "anaumwa". Hilo lina busara yake, mradi daktari apatikane kesho na si wiki ijayo, na mradi ujue utajibu nini simu ya kesho. Au ungoje arudi, umwambie uso kwa uso, mkono begani. Wapo watakaokushauri hivyo kwa moyo mzuri. Lakini ni siku nane, ni simu nane, na Kamanda akifa siku ya pili, sita zilizobaki utakuwa unamlisha maiti kwa maneno.

Sitakuchagulia. Wewe ndiye unayeijua sauti ya mtoto huyo kwenye simu, mimi naisoma tu.

Ila nikuombe jambo moja kuhusu maneno yenyewe. Ulikuwa unajiandaa kumwambia "nimemuua". Nimeligeuza neno hilo na naona nalo si kweli, au bado si kweli. Kamanda hajafa, na kinachomuua hakijulikani. Ukimpa mtoto hukumu iliyokamilika, unamlazimisha mambo mawili tu: akuchukie au akusamehe. Vyote viwili ni vizito kwa miaka 12, na vyote vinamtoa kwenye kazi anayoiweza. Unachokijua ni kichache na kinasemeka: nilisafisha hivi, nilisuuza mara moja, labda mbili, tumbo limekuwa jekundu, hajala tangu Jumapili, nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Na kama maji hukuyabadilisha zile siku tisa, sema. Kisha nyamaza umwache aulize. Atalia, huenda atakata simu. Huenda pia, baada ya kulia, akakuuliza umeweka karatasi za aina gani.

Na kama daktari atasema hakuna la kufanya, itabidi kuamua: kumpumzisha mapema asiteseke, au kungoja mwenyewe arudi amuage. Hilo ni gumu kwelikweli. Mnyama asiyeweza kugeuka siku nane ni nyingi kwake. Mtoto akinyimwa kuaga, naye anabaki na kitu mkononi. Siwezi kuwa upande wa mmoja kwa urahisi, na nadhani hata wewe usiamue peke yako wakati mwenye chura yupo na ana simu. Muulize daktari kwanza anateseka kiasi gani. Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama kuna nafasi ya kungoja.

Yule wa kwenye ndoo, hata hivyo, asingoje lolote. Nchi nyingi kumtoa mnyama porini kunahitaji kibali, na hata pasipohitaji, mtaro unaweza kumpa Zubaa minyoo na kuvu, na tangi lenu linaweza kuupelekea mtaro yaliyo ndani yake. Kama hajagusana na kitu chochote cha Kamanda, wala maji, wala beseni, wala mikono yako ambayo hukuinawa, mrudishe leo palepale ulipomtoa. Kama amegusana, muulize daktari kabla ya kumwachia. Kisha osha ndoo uianike juani mpaka ikauke kabisa, na ukitoka mtaroni acha viatu nje. Ukiondoka sasa utakuwa umerudi kabla ya saa moja.